Miche ya matunda kwenye vyungu wakati wa baridi: kuingiza ndani, kufunika au kusogeza ukutani?

Roshani_Juu (mwanzisha mada)
Wakuu, habari zenu. Nina miche minne kwenye vyungu roshanini: mlimau, mparachichi, mtini na mtufaha. Yote bado michanga. Msimu wa baridi ndio huo unaingia, na usiku kipimo kinakaribia nyuzi 0. Nimefikiria njia tatu: niingize yote sebuleni, niifunike kwa nailoni, au niisogeze ukutani niiache hapo hapo. Ipi ina nafuu? Upepo huku juu ni mkali.

Mama_Vyungu
Miti hiyo minne usiihukumu kwa hukumu moja. Mtini na mtufaha hupukutisha majani na kulala. Mtufaha hasa unaitaka hiyo baridi: aina nyingi zinahitaji mamia ya saa zenye ubaridi wa nyuzi 0 hadi 7 hivi, la sivyo msimu ukigeuka zinachipua ovyo na maua yanakuwa ya kuhesabu. Ukiupeleka sebuleni penye joto, umeunyima usingizi.

Mlimau na mparachichi hazilali namna hiyo. Ikiwa michanga, majani huanza kuungua nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri. Hiyo miwili ndiyo ya kujadili.

Fundi_Kitalu
Namuunga mkono mama, ila mnazungumzia majani tu. Mizizi je? Mti ulio ardhini mizizi yake imezungukwa na udongo mwingi ambao unapoa polepole. Kwenye chungu baridi inaingia pande zote, na juu ya roshani inapita hadi chini ya sakafu. Halafu mizizi ni dhaifu kuliko matawi. Mtufaha uliolala, matawi yake yanaweza kuvumilia nyuzi 25 chini ya sifuri, lakini mizizi huanza kuumia kwenye 10 hivi chini ya sifuri.

Kwa hiyo anza na chungu kabla ya kufikiria shuka la kufunika. Vibananishe vyungu pamoja kwenye kona, vidogo vikae katikati. Vizungushie magunia, na nafasi zinazobaki zijaze majani makavu. Viinue kidogo juu ya vipande vya mbao ili maji yatoke, maana chungu cha udongo kilicholoa kikiganda hupasuka.

Mdau_Nailoni
Mbona mnaizunguka nailoni? Haipitishi mvua, haipitishi upepo, inapatikana popote. Mimi nafunika jioni nalala zangu.

Fundi_Kitalu
> Mbona mnaizunguka nailoni?

Kwa sababu ya pale inapogusa jani. Plastiki nyembamba haishiki joto, kwa hiyo jani lililolala juu yake linapoa sawa na lililo wazi. Asubuhi unakuta doa la kahawia limefuata mkunjo wa nailoni vile vile ulivyokuwa. Jua likichomoza kabla hujaifunua, humo ndani panakuwa tanuri.

Kitambaa chepesi kinachopumua ni bora. Kinaongeza nyuzi 1 hadi 3 hivi, kutegemea unene. Lakini kishuke mpaka sakafuni na kifunike chungu pia, maana joto la usiku linatoka kwenye udongo. Wengi hukikusanya na kukifunga kwenye shina, mti unabaki kama pipi ya kijiti: kichwa kimefungwa, na joto la chunguni linapotea nje. Simika fito tatu, kitambaa kikae juu ya fito, kisiguse majani.

Kibarazani
Naomba niseme kuhusu sebule, maana ndipo milimau mingi inapoharibikia. Mti unawekwa dirishani, jua linapiga majani yanapata joto, kumbe chungu kimekaa juu ya vigae vya baridi. Mizizi ya jamii ya michungwa ikipoa chini ya nyuzi 12 au 13 karibu inaacha kazi. Majani yanadai maji, mizizi haipandishi, matokeo yake yanadondoka yakiwa mabichi kabisa. Mwenye mti anadhani ni kiu, anamimina maji, mizizi inaoza.

Ama majani na chungu vyote vipate joto, ama vyote vikae baridi. Chumba chenye mwanga lakini hakina hita, nyuzi 5 hadi 10, kinafaa kuliko sebule. Na hewa ikiwa kavu geuza majani utazame chini: vidoti vya rangi hafifu na utando mwembamba ni utitiri. Nyunyizia maji upande huo mapema, kabla haujasambaa.

Jua_la_Mchana
Ukuta nao usiudharau. Ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa huachia joto usiku, na kama juu kuna paa ni bora zaidi. Usiku usio na mawingu wala upepo joto hupanda moja kwa moja angani, na jalidi (umande unaoganda) inaweza kushika hata kama utabiri umesema nyuzi 3, kwa kuwa kipimo cha utabiri huchukuliwa karibu mita 2 juu ya ardhi. Weka themometa yako usawa wa chungu.

Wanaotundika taa chini ya kitambaa: za LED hazitoi joto la maana.

Roshani_Juu
Asanteni sana. Maji na mbolea je?

Mama_Vyungu
Mwagilia mchana, kabla ya usiku unaotarajiwa kuwa mkali. Udongo wenye unyevu hushika joto kuliko mkavu, ila usiugeuze tope. Mbolea ya naitrojeni isimamishe mapema kabla ya baridi, kwani machipukizi laini ndiyo ya kwanza kuungua.

Jani likiungua usikimbilie mkasi. Subiri joto lirudi, kisha kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani, tawi liko hai. Kama miche ni ya kubebesha, yaani kikonyo cha mti mmoja kimeunganishwa kwenye shina la mwingine, sehemu ya maungio ilinde kuliko zote. Ukifa juu ya hapo, kitakachochipua chini si mlimau wako tena.

Roshani_Juu
Basi mtufaha na mtini kona ya ukutani na magunia, mlimau chumba cha stoo chenye dirisha. Mparachichi?

Kibarazani
Huo uwe wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Siku ya kuutoa uanzie kivulini, jua la moja kwa moja uuongezee kidogo kidogo, la sivyo majani yaliyozoea ndani yatababuka.

Mdau_Nailoni
Sawa, nimewasikia. Nailoni naitoa kwenye majani, naifunga kwenye reli ya roshani izuie upepo. Kitambaa ndani, juu ya fito.

Fundi_Kitalu
Hapo tumeelewana mkuu. Ifunge imara, na upande wa juu uache wazi.