Kukata miti hadi levo 99: minigemu, kundi, au uiache ijiendee?

Mtema_Magogo: Wakuu, habari za jioni. Nacheza Old School RuneScape, ile gemu ya mtandaoni, kwenye simu. Kukata miti nipo levo 71, naitaka 99. Nimepiga hesabu nikajuta: zimebaki XP (alama za uzoefu) milioni 12.2, na gogo moja la mti wa willow linatoa 67.5. Ni magogo kama 181,000 hayo! Jana simu imeniangukia usoni ndipo nikashtuka, gemu imeshanitoa zamani, begi lina magogo 28 yale yale. Naona wengine wanakimbilia minigemu (vimchezo vya ndani ya gemu), wengine wanakata kwa kundi, wengine wanaiacha ijiendee huku wanafanya yao. Ipi haichoshi?

Kasa wa Mafia: Minigemu, mkuu. Uvuvi ulikuwa unaniua mpaka nilipofungua Tempoross, minigemu ya uvuvi (levo 35, na uwe umelipia uanachama). Mnavua, mnapika, mnashindilia samaki kwenye mizinga mnalipiga dude la bahari. Mara moto umewaka, kimbilia ndoo. Mara wimbi hilo, usipojifunga kwenye mlingoti linakusomba. XP yake haizishindi mbinu za haraka, ila sijawahi kusinzia mle.

dada_Zuhra: Kaka Kasa, mwenzio kauliza miti unamjibu samaki 😄 Halafu ukilipiga hilo dude mara ya hamsini, si ni lile lile?

Mimi nasema kundi. Tangu sasisho la Forestry la 2023, mkikata mti mmoja pamoja mnaongezewa levo za siri kadiri mlivyo wengi, mpaka 10: hazionekani, ila mnakata kama wenye levo ya juu zaidi. Zamani mtu akiusogelea mti wako unamwona mwizi, siku hizi unamwita mwenyewe. Ila kwangu utamu ni soga. Tupo watano, tunapigiana simu ya kundi, mmoja anatuhadithia vituko vya mwenye nyumba wake, ukiangalia saa nzima imekwisha na begi umeshalimwaga benki mara sijui ngapi. Bibi yangu hakuwa anachambua mchele peke yake hata siku moja. Atakaa na ungo wake barazani mpaka jirani atokee.

Ping_300: Soga tamu, bando je? Mimi nipo na njia ya tatu. Gemu hii inahesabu kwa vipande vya sekunde 0.6, kwa hiyo hata mtandao ukisuasua huumii. Nasimamisha simu kwenye kopo la sukari, nakata miti ya yew, napika. Kila baada ya dakika chache nagusa kioo, basi. Ila usije ukaweka programu ya kukukatia, akaunti itafungiwa uanze kulia hapa.

Mzee wa Azeroth: Natoka nje ya mada kidogo. World of Warcraft, gemu nyingine ya mtandaoni, ikiwa bado kwenye majaribio, kabla haijatoka 2004, aliyecheza muda mrefu alikuwa anakatwa XP. Watu wakaja juu. Blizzard, walioitengeneza, wakageuza maneno tu: aliyepumzika anapata 200%, asiyepumzika 100%. Hesabu karibu ile ile, kelele zikaisha! Kijana, hiyo milioni 12 ndiyo inayokuchosha, si miti. Kutoka 71 kwenda 72 ni XP 84,812, yaani begi 45 za willow. Zihesabu hizo, nyingine achana nazo kwanza.

Kasa wa Mafia: Mzee umenena. Ila begi 45 bila kusinzia bado ni kazi.

Mtema_Magogo: Mrejesho, wakuu. Nimeanza na ya Ping_300. Nimekata begi sita, maharage yameungua, na mama watoto ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Dada Zuhra, mnaanza saa ngapi?

dada_Zuhra: Saa tatu usiku, taarifa ya habari ikiisha. Njoo na shoka lako, na hayo ya maharage utaanza kusimulia wewe.