Kuhakiki X-Men: toleo kwa toleo, au mkasa mzima kwa pamoja?

Msomaji wa Tanga

Salaam, wanajamvi. Ninasoma upya X-Men, jarida la katuni la kampuni ya Marvel kuhusu kikosi cha mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, kuanzia toleo maalumu la mwaka 1975, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Kwa takriban miaka mitano kabla ya hapo jarida hilo lilikuwa likichapisha tena hadithi za zamani tu, ndipo toleo hilo likaja na kikosi kipya: Storm kutoka Kenya, Nightcrawler kutoka Ujerumani, Colossus kutoka Umoja wa Kisovieti na wenzao. Nimeshahakiki matoleo ya mwandishi Chris Claremont kuanzia namba 94 hadi 128. Sasa nimefika namba 129, ya Januari 1980, unapoanza mkasa wa Phoenix, yaani Jean Grey, mmoja wa X-Men, nami nimekwama, kwa sababu kila ninapoandika kuhusu toleo moja najikuta ninasimulia tu yaliyotokea. Je, niendelee hivi hivi, au nisubiri nifike namba 137 niuhakiki mkasa wote kwa pamoja?

Mwanahawa

Kaka, endelea toleo kwa toleo. Hadithi hizi ziliandikwa ili zisomwe mwezi baada ya mwezi, na kule kusubiri ni sehemu ya ufundi wake. Chukua namba 132: wenzake wote wameshatekwa ndani ya jumba la Hellfire Club, klabu ya matajiri ambao ni maadui wa X-Men, naye Wolverine, mwanakikosi ambaye adui anadhani amekwisha, anaibuka kutoka kwenye maji machafu chini ya jengo, na fremu ya mwisho ni uso wake uliojaa ghadhabu. Msomaji wa mwaka 1980 alifunga jarida hapo akakaa mwezi mzima na uso huo. Ukiunganisha matoleo yote katika uhakiki mmoja, mwezi ule unapotea, na pamoja nao inapotea sababu ya namba 133 kumfanya Wolverine kuwa mhusika mzito kuliko alivyokuwa hapo awali.

Mzee wa Michoro

Ndugu yangu, nimesoma uhakiki wako kadhaa, na naomba niseme wazi kinachonisumbua: John Byrne, aliyeanza kuchora jarida hili katika namba 108, humtaji isipokuwa kwa jina tu. Kwa utaratibu wa Marvel wa wakati ule, mwandishi na mchoraji walikubaliana kwanza kuhusu mkasa, mchoraji akachora kurasa zote, kisha mwandishi akarudi kuandika maneno juu ya picha zilizokwisha kuchorwa. Kwa hiyo kasi ya tukio, mahali pa kukawia na mahali pa kuruka, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mchoraji, tena Byrne alitambuliwa kuwa mtunzi mwenza wa mkasa. Usimsahau pia Terry Austin, ambaye wino wake ndio unaozipa kuta, mitambo na mavazi ule ukali wa mistari.

Jaribu jambo moja: funika maneno kwa karatasi, usome picha peke yake, kisha uyafunue. Hapo utaona ni wapi Claremont anaongeza kitu, na ni wapi anamweleza msomaji jambo ambalo macho yake yameshaliona. Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo kosa lake kubwa, nalo linajirudia.

Binti Likoni

Nakubaliana na dada Mwanahawa, ila namba 137 haiwezi kuhukumiwa peke yake. Katika namba 135 Phoenix anaimeza nyota, na viumbe bilioni tano wa sayari iliyoizunguka wanaangamia. Waandishi walikusudia Jean Grey apokonywe nguvu zake tu na abaki hai; mhariri mkuu, Jim Shooter, akakataa adhabu hiyo ndogo, na mwisho ukachorwa upya ili afe Mwezini. Ule mwisho wa awali ulikuja kuchapishwa mwaka 1984. Mhakiki anapaswa kusema kama kifo hicho kinatokana na kurasa zilizotangulia au kimebandikwa. Mimi naona kinatokana nazo, kwa sababu Jean mwenyewe ndiye anayekichagua, akijua alichokifanya.

Jambo jingine: katika uhakiki wako wa namba 102, inayosimulia asili ya Storm, umepita haraka mno. Mama yake anaitwa N'Dare, binti wa kifalme wa Kenya, lakini hapakutajwa kabila, lugha wala mji wa watu wake. Mhusika ninayempenda kuliko wote ametoka katika Kenya nisiyoitambua, na hilo linastahili aya nzima.

Msomaji wa Tanga

Nawashukuru sana. Nitaurudia uhakiki wa namba 102. Usiku huu nimefunika maneno ya namba 129, nikamtazama Kitty Pryde, msichana mwenye uwezo wa kupenya kuta na sakafu, akiwa kitandani chumbani kwake, akishika kichwa kwa maumivu, na punde amelala sakafuni sebuleni, ghorofa ya chini, bila kupita mlangoni. Nimeelewa kilichompata bila kusoma neno hata moja. Uhakiki wangu utaanzia hapo.