Kudunisha: neno limetoka wapi?

Wa Mkomani: Wenzangu, kudunisha ndiko kudharau? Nasikia limetoka kwenye "dunia".

Wa Langoni: Hapana, ndugu yangu. Shina ni duni, la Kiarabu dūn, yaani chini ya. Tia -ish- ya kusababisha: dunisha, dunishwa, dunishana. Dunia ina mzizi d-n-w, yaani konsonanti tatu za msingi wa neno la Kiarabu. Duni ni d-w-n. Dharau yaweza kukaa moyoni kimya, lakini kudunisha mpaka useme au utende. Mtu katunga shairi zuri, wewe wasema "hicho kijishairi tu". Hapo ki- na -ji- zishamdunisha.

Wa Malindi: Naam. Ila kudhalilisha, la dhalili, ni zito zaidi: lamvua mtu heshima mbele ya watu. Tafadhalini, msiandike "kuzalilisha". Ni dh ya dhahabu.