Mweusi akifa baada ya operesheni Marekani, tatizo ni umaskini wake au ni hospitali?

Mleta mada:
Wakuu hili tuliongee vizuri maana kila likiguswa jibu ni lilelile, weusi Marekani wanakufa zaidi baada ya operesheni kwa sababu wanachelewa kufika hospitali, wana kisukari, wana presha, bima hawana, basi imeisha. Silikatai lote ila halitoshi. Mwaka 2020 ulitoka utafiti kwenye jarida la Pediatrics, watoto zaidi ya 172,000 waliofanyiwa upasuaji, na sio watoto waliokuwa hoi, ni wale ambao kabla ya operesheni walionekana wako fiti kabisa. Ndani ya siku 30 uwezekano wa mtoto mweusi kufa ulikuwa zaidi ya mara 3 ya mtoto wa kizungu. Vifo kwa jumla vilikuwa vichache sana, kweli, ila mtoto aliyeingia mzima huyo alichelewa wapi? Ana presha gani?

Mimi naona shida kubwa haipo kwenye kisu. Damu kuvuja au maambukizi yanatokea hata kwa daktari bingwa, kinachoamua nani apone ni nani ataliona tatizo saa 8 usiku wodini, nesi ana wagonjwa wangapi, na mgonjwa akisema haya maumivu sio ya kawaida anasikilizwa au anaambiwa avumilie.

Mchangiaji:
Mkuu nakuelewa ila hiyo ni ishu ya hela. Mzungu maskini naye anaenda hospitali ileile yenye manesi wachache na anakufa vilevile. Huo utafiti wenyewe haukuangalia watoto walikuwa na bima gani wala walitibiwa hospitali zipi. Wape watu wote bima, ongeza manesi, tofauti itapungua bila hata kutaja rangi.

Mleta mada:
Hapo kwenye bima uko sahihi ndugu yangu, na manesi hata mimi nawataka. Ila chukua kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, ndo kinamlinda mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji. 2020 hiyohiyo watafiti wa Michigan walikilinganisha na kipimo cha damu yenyewe, wakakuta kwa weusi kinashindwa kuona oksijeni iliyoshuka karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wazungu, yaani kinaandika namba nzuri kumbe mtu hali yake mbaya. Kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye ngozi, kwa hiyo mweusi tajiri mwenye bima kubwa kuliko wote humu akibanwa nacho kinaweza kukosea vilevile. Hiyo utaitibu na bima?

Ninachodai ni kila hospitali itoe hesabu ya vifo vya baada ya operesheni kwa rangi na kwa bima, vyote viwili, visifichwe ndani ya wastani. Kama kweli ni hela tu basi namba zitaonyesha hivyo, sasa wewe kwa nini hutaki rangi iandikwe?