Mercedes 1113 inazima ikipanda Ngomo: tufungue tangi kwanza au pompi?

Binti wa Panzi

Jambo yenu wote. Naomba ushauri wa mafundi na mashofere wanaojua injini za zamani. Tuna kamio Mercedes 1113, injini OM352 ya mitungi 6, baba alituachia. Inashuka bonde la Ruzizi na saruji, inarudi Bukavu na mchele na mihogo ya Luvungi. Kule chini kwenye tambarare inakimbia bila neno. Ikianza kupanda mlima wa Ngomo na mzigo, shofere akiwa vitesi ya pili, nguvu inaisha polepole, haitoi moshi mweusi, kisha inazima. Wakingoja kama nusu saa na kupiga pompi ya mkono, inawaka, inapanda kidogo, inazima tena. Wameshalala mlimani na mali ya watu. Asubuhi nayo inakawia kuwaka.

Filta tumebadilisha. Ile ya zamani ilikuwa na ute mweusi unaonata, wenye harufu mbaya. Fundi mmoja anataka kushusha pompi kubwa ya mazutu na kununua mpya zote 6 za injekta, zile zinazopuliza mazutu ndani ya mitungi, na bei aliyotaja inameza faida ya msimu mzima. Mwingine anasema tutie esansi ndani ya mazutu isafishe. Wa tatu anauza kichupa cha dawa. Sikusomea ufundi, lakini mimi ndiye ninayelipa, nataka nielewe kabla franga hazijatoka.

Fundi wa Kadutu

Dada, pole. Umeeleza vizuri kuliko wenye magari wengi wanaofika garajini na kusema tu "haina nguvu". Pompi isiguswe kwanza. Hiyo ni injini ya lita 5.7 yenye pompi ya Bosch ya mstari, na pompi za aina hiyo zinaishi miaka mingi zikipata mazutu safi. Pompi iliyokufa haipumziki nusu saa ikapona. Injini inayozima, ikangoja, ikawaka, kwa kawaida inalia njaa: mazutu hayafiki ya kutosha. Moshi nao unasema hivyohivyo. Moshi mweusi unatoka mazutu yanapozidi hewa, kwako yanapungua.

Ute ule si vumbi la barabarani, ni viumbe hai. Maji yakikaa chini ya tangi, bakteria na kuvu vinaota pale maji yanapokutana na mazutu. Barabara ikitikisa tangi, ule ute unainuka na kwenda kulala juu ya chujio la tiyo inayovuta. Kwenye tambarare injini inadai kidogo, tundu lililobaki linatosha. Kwenye mpando wenye mzigo inadai zaidi, haipati. Ikizimwa, uchafu unaachia, njia inafunguka. Kichupa cha dawa kinaweza kuua viumbe hivyo, ila maiti zake zinabaki ndani ya tangi na zinaziba vilevile.

Kabla ya kulipa mtu yeyote, fanya jaribio hili. Chukua bidoni safi yenye mazutu yaliyochujwa. Chomoa tiyo inayotoka tangini kabla ya pompi ndogo ya kuvuta, uingize mpira kutoka kwenye bidoni. Tiyo ya kurudisha mazutu yaliyozidi nayo ielekezwe kwenye bidoni hiyohiyo, la sivyo bidoni itaisha upesi mno na mtadhani kuna ugonjwa mwingine. Ifungwe imara nje ya kabini, mbali na bomba la moshi. Isiwekwe juu sana: mazutu yakishuka yenyewe kwa uzito wake, pompi ndogo iliyochoka itaonekana nzima. Iwe usawa wa tangi. Toeni upepo, pakieni mzigo, pandeni mlima wowote wa hapa mjini, Bukavu haikosi milima. Ikipanda bila kulegea, ugonjwa uko kati ya tangi na pompi ndogo, na hujanunua kitu.

Shofere wa Kamanyola

Binti yangu, mimi nimezeeka kwenye barabara hiyo. Swali langu ni moja: kifuniko cha tangi ni kile cha asili? Wengi wakiibiwa mazutu usiku wananunua kifuniko cha kufuli, kingine hakina tundu la kupumua. Au konvoyeri anaweka sashe chini ya kifuniko ili mazutu yasimwagike kwenye kona. Tangi lisipopumua, mazutu yakipungua hakuna hewa ya kujaza nafasi, pompi inavuta mpaka inashindwa. Njo maana wakingoja inapona, hewa inajipenyeza polepole. Siku ikizima, shofere asikimbilie funguo. Afungue kifuniko kwanza na kutega sikio. Akisikia hewa ikiingia kwa nguvu, amepata jibu.

Jambo lingine, munanunua mazutu wapi? Kadafi, wale wauza mazutu wa barabarani, wako wazuri na wako wabaya, na hata kituo chenye pompi kinaweza kukuuzia maji mvua ikiwa kubwa. Mimi bidoni zangu zinalala usiku mzima bila kuguswa, kwa sababu maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini. Asubuhi namimina taratibu kupitia kitambaa kizito, na vidole viwili vya mwisho siviingizi tangini hata mwenye gari akinuna.

Mutoto wa Bagira

Mimi sioni ubaya wa esansi. Kwenye gari letu tunaweka kidogo kila mara na inawaka vizuri.

Fundi wa Kadutu

Ndugu, inawaka, ndiyo, lakini angalia inachokula. Ndani ya pompi ile, kila pistoni ndogo imesagwa pamoja na nyumba yake mpaka nafasi kati yao ni elfu chache za milimita. Kinacholainisha hapo ni mazutu yenyewe. Esansi haina ule ulaini, inakausha. Mafuta ya taa nayo ni hivyo, na kuna wauzaji wanaochanganya. Halafu kuna moto. Mazutu safi yanahitaji joto la nyuzi 50 na zaidi ndipo mvuke wake ushike cheche, esansi inashika hata kwenye baridi ya barafu. Tangi lenye mchanganyiko huo, siku mtu akilisogelea na moto wa kuchomelea, mtazika watu.

Binti wa Panzi

Aksanti sana, fundi, na wewe papa. Kifuniko ni cha kufuli kweli, nitamwambia shofere atege sikio. Umetaja kuchomelea: tangi letu lina tone linalovuja chini, karibu na kizibo, na nilitaka lichomelewe siku hiyohiyo tukilishusha. Je, ni hatari hata likiwa tupu? Na tukilishusha, linaoshwaje?

Fundi wa Kadutu

Likiwa tupu ndipo linatisha zaidi, kwa sababu kilichobaki ndani ni mvuke na hewa. Angalia kwanza kama ni rondela ya kizibo tu imekufa, mara nyingi ni hiyo, na rondela ni vijifranga. Kama ni bati limetoboka, lipelekwe kwa mtu anayeosha tangi kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, kisha analijaza maji mpaka karibu na pale anapochomelea, vifuniko vyote vikiwa wazi. Fundi anayesema "limekauka, hakuna neno" mwachie tangi lake, usimpe lako.

Kuosha: mwageni yote kwenye pipa, msiyarudishe. Chomoeni tiyo ya kuvuta pamoja na chujio lake la waya. Ndani tieni mazutu safi kidogo na mnyororo mfupi, tikiseni watu wawili. Mnyororo unakwangua kutu na unatoka mzima. Wanaotumia kokoto wanaacha nyingine ndani. Suuzeni mpaka yatoke safi, kisha jua likaushe. Tiyo zipulizwe kwa kompresa kutoka upande wa injini kwenda tangini, zikiwa zimechomolewa kwenye pompi ndogo, upepo usipite ndani yake.

Kuna mahali wengi wanaparuka. Kwenye ile pompi ndogo, chini ya kishikio cha mkono, kuna kikombe kidogo chenye wavu. Kifungueni. Nimekuta magari yaliyonunuliwa filta mpya mara kwa mara huku wavu huo umegeuka gundi. Na kwa kuwa asubuhi inakawia kuwaka, kagueni mipira yote ya upande wa kuvuta. Ufa unaopitisha hewa hautoi tone la mazutu, kwa hiyo hamtauona kwa macho. Wekeni kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, muangalie kama vipovu vinapita.

Kutoa upepo mnajua: legezeni skrubu ya juu ya filta, pigeni pompi ya mkono mpaka yatoke mazutu bila povu, fungeni, halafu skrubu ya kwenye pompi kubwa vilevile. Ikikataa kuwaka, legezeni nati za tiyo mbili za injekta huku mtu akipiga demareri.

Mama Muganga

Naingilia kidogo, mimi ni muuguzi. Injekta ikijaribiwa nje ya injini, mtu asiweke kidole mbele yake hata kwa utani. Vijana wa garaji wanapenda kuhisi "inatoa vizuri" kwa kiganja. Za injini kama hizo zinafungua kwenye bar 200 hivi, na tairi la kamio lina 7 au 8 tu. Mazutu yanapenya ngozi, juu panaonekana kama kijichomo cha sindano, maumivu mwanzoni ni madogo, mtu anaenda kulala. Ndani mkono unaoza. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji saa ileile, na aseme wazi kwamba ni mazutu ya injekta, asije akapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani.

Binti wa Panzi

Narudi na habari. Bidoni tumeifunga kama fundi alivyosema, kamio imepanda na mzigo bila kulegea. Kifuniko kinapumua. Tumeshusha tangi: chujio la waya lilikuwa limefunikwa na ute karibu lote, na vipande vya kutu. Kikombe kidogo pia kilikuwa kimeziba. Mpira mmoja wa kuvuta ulikuwa na ufa chini ya kolari, vipovu vimeisha. Uvujaji ni rondela. Sasa inapanda Ngomo bila kusimama, lakini ikiwa ralanti (inanguruma tu bila kukanyagwa) asubuhi kuna moshi mweupe kidogo na mtungi mmoja unagonga. Ni hewa bado?

Fundi wa Kadutu

Dada, umenifurahisha. Hewa sidhani. Ikiwa ralanti, legezeni nati ya injekta moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiilegeza kugonga kunaisha, ndiyo inayodondosha badala ya kupuliza. Zipimwe zote kwenye mashine, inunuliwe ncha ya ile mbaya tu, na kila moja irudishwe na rondela mpya ya shaba. Skrubu yenye muhuri wa risasi kwenye pompi kubwa mtu asiifungue.

Kutu iliyolegea itaendelea kushuka kwa muda, kwa hiyo filta ya akiba ikae ndani ya kabini. Na shofere afungue kizibo cha tangi asubuhi kabla ya kuwasha, mara moja kwa wiki, apokee kwenye chupa nyeupe. Maji yakionekana, aendelee mpaka yatoke mazutu matupu.

Binti wa Panzi

Sawa, fundi. Injekta zitafika kwako Alhamisi, zote 6, nimeandika namba ya mtungi kwenye kila moja.