Afisa wa meli: deki au injini, na asomee Mombasa, Dar au Alexandria?

MamaLangoni
Assalam aleikum jamaa. Naomba ushauri, na nauomba upesi, maana fomu zafungwa mwisho wa mwezi. Mwanangu amemaliza kidato cha nne na ameshikilia neno moja tu: yuataka kuwa afisa wa meli za mizigo. Si baharia wa kawaida, afisa. Mjomba wake wa Mombasa asema aende Bandari Maritime Academy. Ami yake aliye Dar asema DMI, chuo cha bahari cha huko Dar, ndiyo yenye jina. Jirani yetu hapa mtaani mwanawe alisomea Alexandria, Misri, naye asema kwengine kote ni kupoteza wakati. Tena hatujaamua deki, yaani kuongoza chombo, au injini, yaani mitambo. Sisi tuko Lamu, hatuna mtu wa karibu aliyepita njia hii. Ipi bora?

FundiMitambo
Wa aleikum salaam bi mkubwa. Swali lako lina nusu tu, nyengine umebaki nayo. Amepata gredi gani? Hisabati na fizikia je? Mtalipa wenyewe au mwategemea mkopo wa HELB? Macho yamepimwa? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia chuo alichosoma yeye.

Ila kuhusu deki na injini sina haja ya kungoja jibu: injini. Mimi ni injinia wa meli. Aliyezoea mashine kubwa za dizeli, boila, pampu na mashine za kusafisha maji ya chumvi hakosi kazi akiamua kushuka. Kuna mitambo ya umeme, viwanda, hoteli kubwa, chelezo. Afisa wa deki akichoka na bahari, nchi kavu ampeleka nani?

Kaskazi_Kuu
Fundi, hilo la mwisho si kweli. Marubani wa meli walitoka deki. Manahodha wa tagi, zile boti za kuvuta meli, walitoka deki. Wakaguzi wa mizigo, wasimamizi wa bandari, wanaoongoza meli kwa redio kuingia mlangoni, wengi wao ni watu wa deki. Usimtishe mama wa watu.

Nakubaliana nawe kwenye macho. Mama, kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, mpeleke mwanao akapimwe kuona rangi, ule mtihani wa vidoa vyenye tarakimu ndani. Usiku baharini chombo hukijui ila kwa taa zake: nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia. Asiyezitenganisha hapewi zamu ya deki, hata awe na akili kiasi gani. Nimeona vijana wamelipiwa karo ya mwaka mzima ndipo wakapelekwa kwa daktari. Mzee mmoja aliuza mashua yake kwa ajili hiyo. Injini pia huangalia macho, ingawa si kwa ukali ule.

UmemeTu
Mbona hamtaji njia ya tatu? Afisa wa umeme wa meli anatambuliwa kwa cheti chake mwenyewe tangu marekebisho ya Manila ya mwaka 2010, ya mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia (STCW). Meli za leo zimejaa vihisio na kompyuta. Kama mwanao ni mzuri wa fizikia, huko ndiko.

TeziNaOmo
Mwajadili paa kabla ya msingi. Mama Langoni, nisome vizuri.

Chuo hakimpi mtu uafisa. Chuo humpa diploma au digrii. Kinachomfanya afisa ni cheti cha umahiri, nacho hutolewa na mamlaka ya nchi: Kenya ni Kenya Maritime Authority, Tanzania Bara ni TASAC. Na hicho cheti hakitolewi kwa mtihani wa darasani peke yake. Mkataba huo wa STCW wataka muda wa baharini. Kwa deki ni miezi 12 akiwa kadeti, yaani afisa mwanafunzi, kwenye mpango uliokubaliwa, na kitabu chake cha mafunzo kimejazwa na kutiwa sahihi na maafisa wa meli. Pasipo mpango huo ni miezi 36. Kwa injini ni miezi 12 ya karakana na bahari kwa pamoja, na isipungue sita ya zamu kwenye chumba cha mitambo.

Sasa hiyo meli ya kumpa miezi 12 atatoa nani? Kenya haina meli nyingi za mizigo za kwake. Ndiyo maana kuna vijana wana diploma safi, wana cheti cha usalama wa msingi, wana kitabu cha baharia, na wamekaa nyumbani. Kwa hiyo usiulize chuo kipi kina jina. Piga simu kila chuo uulize: darasa lililopita, kadeti wangapi wamepanda meli, na wamepandishwa na kampuni gani? Chuo kikikujibu kwa majengo mapya na mashine za kuigiza safari, jua hawana jibu.

La pili, uliza cheti atakachopata mwishowe chatambuliwa na bendera gani, yaani nchi gani zinazosajili meli. Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall ndizo zinazoongoza kwa tani za meli zilizosajiliwa. Kisipotambuliwa huko, milango mingi imefungwa.

Msafiri_Malindi
Nataka kuongezea kwenye hilo la "nani atatoa meli", kwa sababu hapo ndipo matapeli wanapovulia watoto wetu.

Mimi nilisoma vizuri, nikafaulu, nikakaa bila meli. Akatokea wakala, ana ofisi ya ghorofani, picha za meli za kontena ukutani, karani anakuletea chai. Akataka pesa "za nafasi". Nyumbani kwetu Malindi walichanga: mama aliuza dhahabu zake, ndugu zake wakaongeza. Mkataba niliotia sahihi ulisema kadeti wa deki, meli ya kontena, miezi tisa. Nikapandishwa ndege hadi bandari moja ya Ghuba. Meli niliyoikuta ni kijimeli kikuukuu cha kupakia saruji na mifugo, kimekula kutu hadi kwenye ngazi. Nahodha aliniuliza kama najua kupaka rangi.

Nilipaka rangi. Niligonga kutu, nikafagia ngama, nikasaidia jikoni. Kwenye daraja, chumba cha kuongozea meli, niliingia kupeleka kahawa tu. Kila nilipompelekea chifu ofisa kitabu changu cha mafunzo atie sahihi, alisema baadaye. Mshahara ulikuja mara mbili kisha ukakata. Mwenye meli akaacha kushika simu. Tukatia nanga nje ya bandari, jenereta inawashwa saa chache tu kwa kukosa dizeli, maji ya kunywa ya kupimiana. Wenzangu walikuwa Wahindi, Wasyria na Msudani mmoja. Tulikuwa tunavua samaki ili tule. Joto lile la Ghuba mwezi wa Julai, ndani ya chuma, bila feni, siwezi kulieleza likaeleweka.

Aliyetutoa ni mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafiri. Mwenzetu mmoja alipata mtandao wa simu akamwandikia. Nilirudi Kenya na begi langu. Kitabu hakina sahihi, kitabu cha baharia hakina muhuri wa kushuka, kwa hivyo kwa sheria ni kana kwamba sikwenda baharini kabisa. Yule wakala alikuwa amehama ofisi.

Bi mkubwa, shika haya. Chini ya mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, wakala haruhusiwi kumtoza baharia pesa za kumtafutia kazi. Baharia anaweza kulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Basi. Anayetaka "pesa za nafasi" amevunja sheria hapo hapo mbele yako. Uliza leseni yake, kisha uthibitishe KMA wenyewe, usitosheke na karatasi aliyoitundika. Na kabla ya kusafiri uliza jina la meli na namba yake ya IMO, ile ya kuitambulisha isiyobadilika. Meli inatakiwa iwe na hati ya bima ya kuwarudisha mabaharia wakitelekezwa na kuwalipa hadi miezi minne ya mshahara, nayo ibandikwe mahali pa kuonekana. Ile yetu haikuwa nayo.

FundiMitambo
Pole sana ndugu yangu. Ulirudi baharini?

Msafiri_Malindi
Alhamdulillahi, nilirudi, kupitia kampuni nyengine. Nilianza kama baharia wa deki, nikapanda taratibu. Ndiyo maana siwabezi wanaoanzia chini. Miezi 36 ni mirefu, lakini wakati wote huo unalipwa.

PwaniYetu
Mnazunguka mbali. Bandari ya Lamu ipo hapo Kililana, meli ya kwanza ilifunga gati Mei 2021, gati tatu zimekamilika. Mtoto wa Lamu aende Mombasa, Dar, Misri kutafuta nini? Tuliambiwa vijana elfu moja watasomeshwa kwa ajili ya LAPSSET, mradi huu wa bandari na njia zake. Adai haki yake hapo.

TeziNaOmo
Ufadhili wa LAPSSET auombe, kila mtu wa Lamu auombe. Lakini kazi ya bandarini na uafisa wa meli ni mambo mawili. Kuendesha kreni gatini hakuhesabiwi kuwa muda wa baharini.

MzeeWaMatondoni
Na jahazi je? Wazee wetu walitoka hapa na kaskazi na kusi, Maskati, Basra, hadi Bara Hindi, wakishika njia kwa kilimia na suheli. Kijana aliyekulia kwenye mashua anajua maji kuliko huyo wa darasani. Muda wa jahazi uhesabiwe.

Kaskazi_Kuu
Mzee wangu, heshima yako. Cheti tunachokizungumzia ni cha meli za tani 500 kwenda juu kwa kipimo cha ukubwa wa chombo, na muda unaotakiwa ni wa meli zinazoendana nacho. Jahazi haliingii. Lakini ujuzi wenyewe haupotei. Mpaka leo afisa wa deki hutakiwa ajue kupata mahali alipo kwa jua na nyota, hata kama kuna setilaiti. Vijana wa visiwani huelewa somo hilo upesi, kwa sababu anga wameshaliangalia. Na hawatapiki hovyo.

MzeeWaMatondoni
Basi sheria imetungwa na watu wasiotujua. Nahodha aliyevusha chombo Kipungani usiku kwa tanga aambiwe hana muda wa baharini?

PwaniYetu
Mzee kasema kweli tupu. Na tukumbuke wavuvi waliopoteza njia zao kwa sababu ya kuchimbwa bandari, walihangaika miaka na fidia yao...

MamaLangoni
Jamaa, nawashukuru wote, nimeyaandika kwenye daftari. Nilichelewa kujibu, stima ilipotea. Gredi ni B-, hisabati B, fizikia C+, Kiingereza B+. Pesa za Alexandria zalipwa kwa dola, kwa hivyo pasipo ufadhili hatuwezi. Macho hatujapima. Na jambo jengine, naona mwasema kijana, kijana. Mwanangu ni wa kike.

Nyuzi_Tisa
Mama, kwa heshima: miezi tisa peke yake na wanaume ishirini katikati ya bahari? Mwenye binti hawezi kulala. Kuna kazi nyingi za bahari za nchi kavu, forodha, usafirishaji wa mizigo, uwakala wa meli.

Binti_Shela
Mimi nataka kumjibu huyu ndugu kwa upole lakini wazi. Rubani wa kwanza wa kike wa meli nchini Kenya, Elizabeth Marami, alisomea hiyo hiyo Alexandria. Bahari haikumkataa.

Ni kweli tu wachache. Hesabu ya BIMCO na ICS, vyama vya kimataifa vya wenye meli, ya mwaka 2021 iliweka wanawake 24,059 kati ya mabaharia karibu milioni 1.89. Ukipanda meli waweza kuwa peke yako. Sitamdanganya mama kwamba hakuna wanaume wenye tabia mbaya, wapo, nami nimekutana nao. Lakini kadeti ana kabini yake na ufunguo wake, kampuni zinazojiheshimu zina mtu wa nchi kavu wa kupokea malalamiko bila kupitia kwa nahodha, na tangu Januari 2026 mafunzo ya msingi ya kila baharia yanagusa unyanyasaji wa kijinsia kwa mujibu wa STCW. Swali la kuuliza ni: mshawahi kuchukua kadeti wa kike? Naweza kuzungumza na mmoja wao? Kampuni iliyozoea humpangia na mwanamke mwenzake kwenye meli moja. Hapo uzito hupungua nusu.

Na gredi hizo ni nzuri. Kwa hisabati ile mimi ningempeleka deki.

FundiMitambo
Kwa hisabati ile mimi ningempeleka injini.

UmemeTu
Kumbe fizikia C+. Bado, umeme wawezekana.

Nyuzi_Tisa
Sikukusudia kumvunja moyo. Nauliza tu, babake anasemaje?

MamaLangoni
Babake ndiye aliyemfundisha kushika sukani. Hana neno. Anayelia ni mimi, kwa vile ni kitindamimba, lakini sitamzuia. Jumatatu twavuka Mokowe, twashuka Mombasa. Kwanza macho, halafu BMA, na Technical University of Mombasa pia kwani nasikia wana uinjinia wa meli. Dar nitapiga simu. Maswali ya Tezi nitauliza kama yalivyo. Binti Shela, nimekuandikia faraghani.

TeziNaOmo
Ukiwa Mombasa pita Mission to Seafarers, kituo cha kuwahudumia mabaharia, uzungumze na mabaharia walioshuka juzi. Watakwambia kampuni gani inalipa.

Ras_Kitau
Samahanini kuingilia. Mimi nina miaka 27, nina cheti cha ufundi wa magari kutoka chuo cha ufundi, nafanya kazi kwenye boti za Lamu na Mokowe. Nimechelewa kwa injini? Na hiyo karakana ya magari yaweza kuhesabiwa kwenye ile miezi 12?

FundiMitambo
Miaka si tatizo, sheria yataka umri wa 18 tu kwenda juu, ingawa kampuni nyingi hupenda kadeti wadogo. Karakana ya magari sidhani watakubali, wataka ufundi wa vyuma, kuchomelea, mashine za meli. Fungua uzi wako uweke na gredi zako.