Ushauri wa laptop: prosesa i7 ya kizazi cha 7 au i5 ya kizazi cha 8? Bajeti dola 270, Lubumbashi

mwanapoli_lshi
Jambo yenu wakubwa. Natafuta mashini ya mtumba kwa masomo ya Polytechnique, UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi). Kazi ni AutoCAD ya michoro ya 2D, QGIS (programu ya ramani), Excel zenye mistari mingi, na PDF kumi zimefunguliwa pamoja. Michezo hapana. Mtaani umeme unakatika mchana karibu kila siku, kwa hiyo batri nayo naihesabu. Nimeoneshwa hizi nne, zote RAM GB 8 na SSD GB 256:

HP EliteBook 840 G3, i5-6300U, dola 165
Lenovo ThinkPad W540, i7-4800MQ na kadi ya picha Quadro K1100M, dola 210
Lenovo ThinkPad T470, i7-7600U, dola 240
HP EliteBook 840 G5, i5-8250U, dola 250

Muuzaji anakazania T470 kwa sababu "ni i7". Mnasemaje?

fundi_kamalondo
Muuzaji anakuuzia kibandiko. Kwenye prosesa (ubongo wa mashini) zenye herufi U, hadi kizazi cha 7, i5 na i7 zote ni viini 2 (sehemu za kupiga hesabu) na nyuzi 4 (kazi zinazoshikwa kwa pamoja). i7-7600U inaizidi i5-7300U kwa kasi ya juu (GHz 3.9 dhidi ya 3.5) na kache, kumbukumbu ndogo ya ndani (MB 4 dhidi ya 3). Ni hayo tu. Mabadiliko ya kweli yalikuja na kizazi cha 8 mwaka 2017: Intel waliweka viini 4 na nyuzi 8 ndani ya wati 15 zilezile, na kache ya MB 6. Kazi yoyote inayogawika, 8250U inaiacha 7600U nyuma sana.

Jifunze kusoma namba. Hapa, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi. Herufi ya mwisho inakuambia inakula umeme kiasi gani: U ni wati 15, imechomelewa kwenye bodi, haitoki. M ya kizazi cha 3 na cha 4 ni wati 35 hadi 37, viini 2, inakaa kwenye soketi. MQ kama ile ya W540 ni viini 4, wati 47. Mtu akikuambia "i7" bila namba, bado hajakuambia kitu.

papa_michoro
Fundi amesema kweli, ila tusimwonee muuzaji kwa upande wa AutoCAD. Kuchora 2D kunatumia zaidi kiini kimoja. Hapo kinachohesabika ni kasi ya kiini, na 7600U inafika 3.9 wakati 8250U inaishia 3.4. Ukizungusha mchoro mzito, T470 haitakuwa nyuma, pengine itatangulia kidogo. Utaonja viini 4 pale unapoacha QGIS inapiga hesabu za rasta (ramani za picha) huku umefungua PDF zako na kivinjari. Na mwanafunzi anafanya yote kwa wakati mmoja, nani asiyejua?

Kwa hiyo kwangu 840 G5 ndiyo ya kwanza. 840 G3 si mbaya, na dola 85 zinazobaki zinakuongezea RAM hadi 16. Kama shida yako ni pesa kuliko kasi, ichukue hiyo bila aibu.

ruashi_sola
Kijana, W540 usiiguse ukiwa na shida ya umeme. Nguvu inayo: viini 4, nyuzi 8, GHz 2.7 hadi 3.7, inaweza kushindana na 8250U. Lakini chaja yake ni tofali la wati 170. Piga hesabu: batri ya sola ya 12V 100Ah ya asidi, usiishushe chini ya nusu, una Wh 600. Inveta inakula karibu asilimia 15, zinabaki 510. W540 ikifanya kazi nzito na kadi yake ya picha, weka wati 80: saa 6 na dakika chache. 840 G5 ikikazwa weka wati 30: saa 17. Na hapo sijahesabu taa wala simu za nyumba nzima.

Jambo jingine: kizazi cha 4 hakina sehemu ya kufungua video za VP9 (namna ya kubana video), na YouTube inatumia VP9 kwa wingi. Viini ndivyo vinabeba, feni inalia. Kizazi cha 7 na cha 8 wanafungua VP9 ndani ya chipu ya picha, mashini inatulia.

fundi_kamalondo
Naongeza kwa wanaopenda W540 kwa sababu ina nafasi 4 za RAM: inataka DDR3L ya volti 1.35. Ukipachika DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 uliyotoa kwenye mashini ya zamani, kioo kinabaki cheusi na utadhani bodi imekufa. Soma kibandiko cha kijiti: PC3L ndiyo, PC3 bila L hapana.

mwanapoli_lshi
Aksanti mingi. Basi nabaki na T470 na 840 G5. Na Windows 11 je? Na nitahakikisha vipi kwamba ndani ni prosesa hiyo kweli?

yaya_kampemba
Windows 11: orodha rasmi ya Intel inaanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). 840 G5 inaingia, T470 inabaki nje. Kuna njia za kuilazimisha, lakini Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashini ya namna hiyo. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Hicho tu kinatosha kulipa dola 10 za ziada.

Ukaguzi ufanyie dukani kabla ya kutoa pesa:

Usiamini kibandiko wala jina ambalo Windows inaonesha, maana jina hilo linaweza kuandikwa upya kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows). Zima, washa ukibonyeza F10 kwenye HP (F1 kwenye ThinkPad), usome prosesa ndani ya BIOS (programu inayowasha mashini kabla ya Windows). Ikidai nenosiri la BIOS, rudisha mashini mezani uondoke.

Kisha chomoa chaja, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Inatengeneza faili, linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa wa batri. Chini ya asilimia 60, omba bei ishuke au batri nyingine. Kwenye 840 G5 bonyeza pia padi ya kipanya: ikiwa ngumu au imeinuka, batri imevimba chini yake.

Mwisho, rudisha chaja, weka HWiNFO (programu inayoonesha joto na kasi), ibebeshe mashini mzigo dakika 10. Ikipanda nyuzi joto 95 na kasi ikashuka chini ya GHz 1.6, pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka au feni imejaa vumbi jekundu la kiangazi, jambo la kawaida huku kwetu. Hilo linatengenezeka kwa turnevisi, brosi na pasta mpya. Zuia feni kwa kidole unapopuliza. Lakini ikikwama kwenye GHz 0.8 huku joto ni 50, tatizo si joto. Mara nyingi ni chaja ya bandia ambayo mashini haiitambui, au batri iliyochoka. Jaribu kwa chaja halisi ya wati 65 kabla ya kuhukumu.

papa_michoro
Neno moja kwa ajili ya T470: ina batri mbili, ya ndani Wh 24 na ya nje ambayo inaweza kuwa ya Wh 72, na unabadilisha ya nje bila kuzima. Kwa mtu wa umeme wa kukatika hiyo si kitu kidogo. Ukimpata T480 mwenye i5-8250U, unapata batri mbili na viini vinne pamoja. Ila uulize kama firimu (programu ya ndani) ya Thunderbolt, yaani ya mlango wake wa USB-C, imesasishwa. Lenovo walitoa marekebisho mwaka 2019 kwa sababu toleo la zamani linaweza kuharibu mlango wa USB-C.

mwanapoli_lshi
T480 hawana, nimeuliza. 840 G5 basi. Zile GB 8 ziwe kijiti kimoja au viwili vya 4?

fundi_kamalondo
Kimoja cha 8. Ina nafasi 2 za DDR4, siku ukipata pesa unaongeza kingine cha 8, cha kasi ya 2400, ufike 16. Vijiti viwili vinafanya kazi sambamba, na chipu ya picha inayokopa RAM inapata nafuu papo hapo. Ukichukua viwili vya 4, vyote viwili utavitupa. Na angalia kibodi: ukizoea AZERTY (mpangilio wa herufi wa Kifaransa), mwambie muuzaji leo, si kesho.